Anza na viporo: jinsi ya kurahisisha maisha ya kila siku bila kuyapindua

Kuna kipindi niliamua maisha yangu lazima yawe mepesi, basi nikafanya kile ambacho karibu kila mtu anafanya, nikaanza kununua. Nikanunua daftari la mipango lenye kurasa za rangi, nikapakua programu tatu za kupanga kazi, nikaleta ndani maboksi ya plastiki ya kupangia vitu. Mwezi ukaisha. Vitu ni vilevile, ila sasa viko ndani ya maboksi, na juu yake nina daftari ninaloogopa kulifungua na programu tatu zinazonikumbusha kila asubuhi kwamba sijafanya kitu. Yaani nilijiongezea mabosi wanne.

Baadaye nikaja kujua sio mimi tu. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia kule Marekani walitoa kwenye jarida la Nature majaribio yao kuhusu hii tabia. Katika jaribio moja mtu anapewa kijengo cha matofali ya kuchezea ya Lego, paa lake limeshikiliwa na tofali moja tu pale kwenye kona, anaambiwa aliimarishe, na kila tofali atakaloongeza atakatwa hela kidogo. Jibu rahisi ni kulitoa lile tofali moja, paa linashuka linakaa vizuri, kazi imeisha na hela yote inabaki. Wengi wakaongeza matofali. Ila walioambiwa wazi kwamba kutoa ni bure, wengi wao wakaliona lile jibu. Kwa hiyo sio kwamba watu hatupendi kupunguza, ni kwamba wazo lenyewe haliji kichwani mpaka mtu akukumbushe.

Basi chukulia hapa ndio umekumbushwa. Na cha kwanza kupunguza sio nguo wala fanicha. Ni viporo, yale mambo yote uliyoyaanza ukayaacha katikati, uliyoyaahidi, uliyosema "nitaangalia", meseji hujajibu, kitu cha watu hujarudisha. Mtu anaweza kuishi kwenye chumba kitupu kabisa na bado usiku akalala na viporo mia. Nimeshaona pia mwenye nyumba imejaa mpaka dari na katulia zake, kwa sababu hadaiwi kitu na mtu yeyote, wala nafsi yake haimdai.

Hatua ya 1: Vimwage vyote kwenye karatasi

Tafuta saa moja ambayo hakuna atakayekuita. Chukua karatasi na kalamu, simu iache chumba kingine (ukiandikia kwenye simu utajikuta dakika ya tatu unaangalia video ya mtu anaosha kapeti, tunajuana). Andika kila kitu kinachokudai. Usipange, usiandike vizuri, usijiulize kama ni kikubwa au kidogo. Bomba linalovuja, andika. Fomu ya kujaza, andika. Meseji ya sauti ya dakika nane kutoka kwa dada ambayo hujaisikiliza, andika. Ule ugomvi na rafiki ulioishia hewani, huo hasa ndio uuandike.

Ukifika kama kitu cha ishirini utahisi umemaliza. Hujamaliza, kaa hapohapo. Tembea kwa akili chumba kwa chumba ndani ya nyumba, halafu mtu kwa mtu katika maisha yako, halafu mwezi kwa mwezi kwenye kalenda. Vile vizito vinakuja mwishoni maana vimejificha chini. Mimi mara ya kwanza nilifika 74, na nikakaa nikiiangalia ile karatasi nikasema kumbe ndio maana nachoka hata siku ambayo sijafanya kitu.

Kwanini karatasi inasaidia? Mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik alichapisha mwaka 1927 majaribio ambayo watu walipewa kazi ndogondogo, nyingine wakaachwa wamalize na nyingine wakakatishwa katikati, na alipowauliza baadaye walikumbuka zaidi zile zilizokatishwa. Waliokuja kurudia majaribio hayo hawakupata majibu yaleyale kila mara, kwa hiyo usiyachukue kama sheria, ila yeyote aliyewahi kushtuka usiku wa manane akakumbuka barua hajaijibu anajua kinachozungumzwa. Kichwa kina kazi ya kukukumbusha na hakina ratiba nzuri, kinakukumbusha ukiwa bafuni. Karatasi inakipokonya hiyo kazi.

Hatua ya 2: Kila kiporo kipate hukumu

Hapa ndio kwenye kazi yenyewe, na ndipo watu wengi wanakimbia. Usiiache listi ikae tu, listi iliyokaa ni kiporo kingine. Chukua kalamu ya rangi nyingine, pita mstari kwa mstari, kila kimoja kipate moja ya hukumu tatu: kinafanyika leo, kina tarehe, au kinafutwa. Hukumu ya nne hakuna. "Nitakishughulikia" sio hukumu, hiyo ndio iliyotufikisha hapa.

Vya leo ni vile vinavyokula dakika tano hivi, kupiga simu moja, kulipa bili ndogo, kujibu "nimeona, asante". Vifanye hapohapo mfululizo mpaka viishe. Utashangaa. Katika vile vyangu kulikuwa na kitabu cha mtu nilichokiazima nikakaa nacho miaka miwili, nilikuwa nampita yule bwana kwa kona, nikimwona mbali nabadilisha njia, jamani kwa ajili ya kitabu. Siku hiyo nikamwandikia: "Kaka samahani sana, kitabu chako kimekaa kwangu mno, nakiletaje?" Akajibu, "Kitabu gani tena?" Miaka miwili ya kukwepa watu barabarani, mwenzangu hata hakumbuki.

Vyenye tarehe vinataka zaidi ya siku. Mwaka 2011 wanasaikolojia Masicampo na Baumeister walionyesha kwamba jambo ambalo halijatimia linaacha kumsumbua mtu akilini akishaliwekea mpango unaoeleweka, hata kama bado hajalifanya. Hiyo ni habari nzuri sana, maana yake huhitaji kumaliza vyote ndio upumue. Ila mpango lazima useme lini, wapi, baada ya nini. Usiandike "fundi bomba wiki ijayo". Andika "Jumanne nikirudi kazini, nikishavua viatu na kabla sijakaa, nampigia fundi". Hicho kipande cha "kabla sijakaa" kidharau uone, ukishakaa imeisha hiyo.

Halafu vya kufuta. Kwangu vilikuwa zaidi ya thelathini na vingi havikuwa kazi, vilikuwa aibu. Vitu nilivyojiahidi mwenyewe enzi nikiwa mtu mwingine. Nilikuwa na gitaa pembeni ya kabati, nyuzi tano, ya sita ilikatika sikuinunua tena, na kila nikipita pale linaniangalia. Nilijiuliza swali moja tu, kama leo lisingekuwepo ningeenda kulitafuta? Jibu hapana, wala sikuhitaji kufikiri. Nikampa mpwa wangu, sasa linapigwa vibaya kila siku lakini angalau linapigwa. Kufuta kiporo sio uvivu, ni kukubali kwamba hautafanya, jambo ambalo ulishalijua muda mrefu. Kama kinamhusu mtu mwingine usikifute kimyakimya, mwambie: "Nilikuahidi hili, nimeona sitaliweza, samahani, tafuta mwingine." Sekunde thelathini za aibu halafu umelala.

Hatua ya 3: Ziba pale viporo vinapoingilia, yaani simu

Sitaanza kuisema vibaya simu, nafanyia kazi humohumo. Tatizo ni kwamba kila mlio wa simu ni kiporo kipya kinachobisha hodi, na hata usipofungua mlango umeshaamka. Mtafiti Sophie Leroy mwaka 2009 aliandika kuhusu kinachotokea mtu akihama kutoka kazi moja kwenda nyingine wakati ya kwanza haijaisha: sehemu ya akili inabaki kule nyuma, na kazi mpya inafanywa na mtu aliyepungua. Sasa fikiria unahama mara ngapi kwa saa.

Fanya hivi, na ufanye kwa mfuatano huu maana ukianza na gumu utaacha:

- Ingia kwenye mipangilio, zima notifikesheni za kila kitu ambacho hakijatumwa na binadamu anayekujua. Michezo, maduka, habari, programu ya hali ya hewa inayokwambia kuna jua wakati uko juani. Vyote.
- Magrupu yote yanyamazishe moja kwa moja, acha moja au mawili ya familia ya karibu. Kunyamazisha sio kuondoka, hakuna atakayejua.
- Meseji zifungue kwa saa zako, kwa mfano asubuhi, mchana na jioni. Mwenye dharura atapiga, na waambie watu wako hivyo: ukiniona kimya na una haraka, piga.
- Simu ilale nje ya chumba unacholala wewe. Utasema "lakini alamu yangu". Kuna saa ya mezani, ni ya zamani, inalia vizuri tu, na ukiizima haikuonyeshi maisha ya watu.

Hiyo ya mwisho ndio ilinibadilisha kuliko zote na ndio niliyoipinga muda mrefu. Wiki ya kwanza mkono unapapasa kitandani wenyewe unatafuta kitu ambacho hakipo. Mwanasaikolojia B. F. Skinner aliwaonyesha watu zamani kabla ya simu hizi kwamba mnyama anayepata zawadi bila kujua itakuja lini anabonyeza kitufe zaidi kuliko anayeipata kila mara, na kuperuzi ni hivyohivyo, mara tisa hamna kitu ya kumi kuna kichekesho, kwa hiyo tunabonyeza. Usijilaumu kwa kukosa nguvu, weka tu kitufe mbali na mkono.

Hatua ya 4: Jifunze kusema hapana kabla kiporo hakijazaliwa

Hii nitaikalia kidogo maana hatua tatu za juu ni kufagia maji na hii ni kufunga bomba.

Ahadi nyingi zinazotutesa tulizitoa tukiwa tunatabasamu. Mtu anakuja na jambo la miezi miwili mbele, unaangalia kalenda ya mwezi huo ni nyeupe kabisa, unasema "aa hamna shida". Mwezi unafika, kumbe sio nyeupe, ilikuwa tu haijajazwa. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walilielezea hili kosa mwaka 1979, kwamba tukikadiria kazi zetu wenyewe tunaona jinsi mambo yatakavyoenda vizuri na tunasahau jinsi yalivyoenda mara zilizopita. Dawa yangu ni ndogo. Mtu akiniomba kitu cha mbali najiuliza: ingekuwa ni kesho, ningekubali? Kama roho inasema hapana kwa kesho basi ni hapana kwa siku hiyo pia, maana siku hiyo nayo itakuja kuwa kesho.

Kulitamka ndio shughuli, hasa kwa mkubwa. Kanuni yangu ni usijibu papo hapo. "Naomba nikujibu kesho asubuhi" sio utovu wa heshima, na inakupa usiku mzima wa kufikiri bila macho ya mtu juu yako. Kesho yake ukikataa, kataa kwa sentensi fupi na uishie hapo. "Mama mdogo, nashukuru kunifikiria, safari hii sitaweza." Basi. Ukianza kueleza sababu unampa mlango, utasema gari bovu atakwambia kuna lifti, utasema una kazi atauliza hadi saa ngapi, na mwisho unakubali ukiwa na hasira halafu unaenda kununa kwenye shughuli ya watu.

Na kama kuna kitu kidogo unaweza kutoa kwa moyo mmoja, kitoe hicho badala ya kile kikubwa. "Sitakuwepo siku nzima ila nitakuja kwa muda wa saa moja kusaidia kupanga viti." Hiyo saa moja utaifurahia.

Hatua ya 5: Vitu, lakini droo moja tu

Sasa ndio tunafika kwenye vitu ambavyo kila mtu huanza navyo. Usitoe kila kitu ukamwaga sebuleni, saa sita usiku utakuwa umekaa katikati ya mlima unalia. Chagua droo moja. Ile ya nyaya, kila nyumba inayo.

Fungua. Kuna chaja ya simu iliyoibiwa, funguo mbili ambazo hakuna anayejua zinafungua nini, betri ambazo labda zina moto labda hazina, kalamu saba inaandika moja, risiti zilizofutika maandishi. Chukua kimoja kimoja, uliza lile swali la gitaa, kama nisingekuwa nacho leo ningekitafuta? Nalipenda swali hili kwa sababu linapita pembeni ya udhaifu wetu mmoja unaojulikana. Mwaka 1990 watafiti Kahneman, Knetsch na Thaler waliwagawia vikombe nusu ya watu kwenye chumba kisha wakawaacha wafanye biashara. Waliokuwa na kikombe walitaka bei kama mara mbili ya ile ambayo wasio nacho walikuwa tayari kutoa. Kikombe ni kilekile, wamekaa nacho dakika chache tu! Sasa wewe na ile chaja mna miaka sita.

Vile vya "sijui" viweke kwenye boksi, andika tarehe juu yake kwa kalamu nene, funga. Ikipita miezi sita hujalifungua, litoke bila kuchungulia ndani. Ukichungulia umekwisha.

Mipaka miwili. Vitu vya mwenzako au wa nyumbani kwako havikuhusu hata kama vinakukera, nimeshaona ndoa ikitikisika kwa sababu ya boksi la kaseti. Na nyaraka za maana (vyeti, hati, vitambulisho, matokeo ya vipimo) zisiingie kwenye zoezi hili kabisa, zipate bahasha yao na sehemu moja ambayo wote nyumbani wanaijua.

Hatua ya 6: Yanayojirudia yaamue mara moja

Hii ni fupi. Kama kuna swali unajiuliza kila siku, litolee jibu moja uendelee na maisha. Nguo za kesho zinatoka usiku. Funguo zinakaa kwenye msumari mmoja karibu na mlango, siku zote, hata ukiwa na mizigo mikononi. Bili zote siku moja ya mwezi. Kufua siku ileile. Watu wanaona inachosha kuishi hivi, mimi naona kinachochosha ni kutafuta funguo.

Hatua ya 7: Linda pengo

Hapa nilianguka vibaya. Nilipomaliza hatua zote za juu nilijikuta na jioni mbili tupu kwa wiki, na badala ya kutulia nikapata wasiwasi wa ajabu, nakaa kwenye kiti, naangalia ukuta, najiona mvivu. Wiki ya tatu nikajiunga na kamati. Haki ya nani, kamati! Mwanahistoria Mwingereza, Parkinson, aliandika mwaka 1955 kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda uliopo, na mimi nikawa mfano unaotembea.

Kwa hiyo pengo lisipopewa jina litaibiwa. Kabla hujalipata, chagua kitu kimoja tu ambacho ukikifanya unasahau kuangalia saa, kiwe kushona, kutembea, kusoma, kukaa na mzee wako mkaongea mambo ya zamani. Kiwe kitu ambacho hakuna mtu atakayekipima wala kukipongeza. Kiandike kwenye kalenda kama unavyoandika miadi ya daktari, na mtu akikuomba huo muda sema "nina miadi". Ni kweli unayo.

Na acha pengo lingine lisilo na jina kabisa, hata nusu saa. Siku za mwanzo itakuwa ngumu kukaa nayo, itakuja huzuni fulani hata hujui imetoka wapi, mambo uliyokuwa unayakimbia kwa kuwa bize. Yaache yaje, mengine yatahitaji kurudi kwenye karatasi ya hatua ya 1.

Ila nisiwe mwongo hapa. Kuna mizigo ambayo haipungui kwa karatasi na kalamu. Mtu anayeuguza, mwenye madeni ya kweli, anayefanya kazi mbili ili watoto wasome, huyo akiambiwa "rahisisha maisha" ni kama anatukanwa. Kwake afadhali achukue kipande kimoja tu, labda simu kulala nje ya chumba au ile "nitakujibu kesho", mengine yasubiri. Na kama huzuni au wasiwasi umekaa zaidi ya wiki mbili, usingizi umepotea, hamu ya kila kitu imeisha, hiyo sio kazi ya droo, nenda ukaonane na daktari au mshauri nasaha.

Itachukua muda gani?

Utasikia siku 21. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa chuo cha University College London, waliofuatilia watu 96 wakijijengea tabia mpya, ulipata wastani wa siku 66 hivi, na tofauti kubwa kati ya mtu na mtu, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo usianze hatua zote saba Jumatatu, anza na karatasi wiki hii, simu wiki mbili baadaye, na kadhalika kwa mwendo wako.

Na kila wiki, siku moja jioni, dakika ishirini, chukua ile karatasi au mpya: vipi vipya vimeingia, vipi vipate tarehe, vipi vifutwe. Mimi nafanya Jumapili. Jumapili iliyopita vilikuwa kumi na moja, na kimoja wapo kilikuwa meseji ya sauti ya dada, dakika sita safari hii. Nikaisikiliza yote. Alikuwa ananiuliza gitaa limeenda wapi.